Kanyaga Jani: Jinsi ya Kufundisha Watoto wa Shule ya Msingi Kupiga Mpira

Mwalimu mwenzangu, maswali ninayoulizwa kuhusu kipindi cha mpira wa miguu ni yale yale kila muhula. "Mimi sijawahi kucheza mpira, nitafundishaje?" "Nina watoto hamsini na mipira mitano, nifanye nini?" "Mbona wanapiga kwa ncha ya vidole?" "Mbona mechi ikianza wote wanauandama mpira kama nyuki waliochokozwa?" Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe na watoto wa miaka 6 hadi 12.

Swali la kwanza nalijibu sasa hivi: si lazima uwe mchezaji. Unachohitaji ni jicho. Aliyecheza sana hupiga bila kufikiri, na mtoto akimuuliza amekosea wapi, humjibu "piga vizuri." Wewe jizoeze kutazama mahali pamoja tu: ule mguu usiopiga. Mwili wote wa mtoto umesimama juu yake, ndiyo maana nauita mguu wa nguzo. Mguu huo ukikaa pabaya, hakuna kitakachokaa sawa baada yake.

Andaa haya kabla ya kipindi

- Mipira ya ukubwa unaofaa. Namba 3 ni ya watoto walio chini ya miaka 8, namba 4 ni ya miaka 8 hadi 12. Namba 5, yenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni ya miaka 13 na kuendelea. Kama una namba 5 tu, usiahirishe kipindi: punguza upepo mpaka kidole gumba kikibonyeza kinazama kidogo. Mpira laini hauumi, haudundi ovyo, wala haumkimbizi mtoto mbali kuufuata.
- Mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba ikakaza. Usiidharau. Kwa anayeanza ni mizuri kuliko ya dukani, kwa sababu hubaki karibu na mguu.
- Koni, au chupa za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo ndani zisipeperuke.
- Chaki, au majani makavu, au vipande vya kitambaa. Kazi yake nitaieleza hatua ya 2.
- Vizibao vya rangi mbili, au vitambaa vya kufunga mkononi.
- Filimbi. Watoto wajue mapema kwamba mlio mmoja maana yake ni wayo juu ya mpira, kimya, macho kwa mwalimu.

Kisha uzunguke uwanja kwa miguu yako. Okota mawe, vigae na miba, na ukiona shimo lifukie au weka koni juu yake. Lango la chuma la kuhamishika lisipofungwa chini imara, usilitumie kabisa, wala usiruhusu mtoto kuning'inia juu yake. Malango ya namna hiyo yameangukia watoto na kuwaua. Koni mbili zinatosha kuwa lango.

Kuhusu viatu: ama wote wavae, ama wote wawe peku. Ukichanganya, mwenye kiatu atamkanyaga asiye nacho, na aliyekanyagwa hatausogelea mpira wiki mbili.

Hatua kwa hatua

1. Wape mpira kabla ya kuwapa maneno. Dakika tano za mwanzo hakuna maelezo. Wayo wa kulia unagusa juu ya mpira, unashuka, wa kushoto unapanda. Polepole kwanza, halafu haraka. Kisha wauviringishe mpira chini ya wayo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mwisho wasimame kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa juu kidogo ya mpira bila kuugusa, mhesabu pamoja hadi tano. Zoezi hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kupiga mpira ni kusimama kwa mguu mmoja wakati mwingine unafanya kazi. Anayeyumba kabla ya tano hatapiga sawasawa hata ukimweleza mchana kutwa. Huyo mrudishie zoezi la kusimama, kila kipindi, bila kumtangaza mbele ya wenzake.

2. Fundisha mguu wa nguzo. Haya nilifundishwa na mtoto wa darasa la pili. Alikuwa anakimbia kwa bidii, anapiga, na mpira unajikokota shubiri mbili tatu kisha unasimama. Nikamwambia apige kwa nguvu. Akapiga kwa nguvu, akaanguka chali. Mara ya nne nilichuchumaa, uso karibu na nyasi, nikaona: mguu wake wa kushoto ulikuwa unatua hatua nzima nyuma ya mpira, basi ule wa kulia unafika umenyooka wote na nguvu zimekwisha. Nikaokota jani kavu, nikaliweka kando ya mpira. Nikamwambia, "Sahau mpira. Wewe kanyaga jani." Akakanyaga jani, na mguu wa kulia ukapita wenyewe. Mpira ukaondoka mpaka ng'ambo ya uwanja, naye akabaki ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeupiga.

Tangu siku hiyo huanza hivi kwa darasa zima. Weka jani au kitambaa upande wa mpira, umbali wa kiganja kimoja cha mtu mzima, usawa wa katikati ya mpira, si mbele wala nyuma. Kwenye sakafu laini tumia alama ya chaki, maana jani na kitambaa huteleza. Mtoto arudi hatua mbili, aje, akanyage alama, asimame hapo hapo bila kupiga. Tazama mambo mawili: vidole vya mguu wa nguzo vielekee kule mpira unakotakiwa kwenda, na goti liwe limekunjwa kidogo. Mara kumi bila kupiga. Watalalamika, wavumilie. Ya kumi na moja ruhusu wapige.

3. Pasi kwa upande wa ndani wa mguu. Hii ndiyo ya kufundisha kwanza, kabla ya shuti, kwa sababu upande wa ndani ni mpana na unasamehe makosa. Mguu unaopiga ugeuzwe nje, kifundo kikazwe, kisigino kishuke kidogo, uguse mpira katikati. Watoto wadogo hawabebi maelezo yote hayo. Wape maneno matatu, wayatamke kwa sauti wakati wa kupiga: *simika, kaza, fuata*. Simika nguzo. Kaza kifundo. Fuata, yaani mguu uendelee kuelekea alikolenga, usikatike ghafla baada ya kugusa.

Mtoto asiyeelewa "kaza" mketishe chini, mshike mguu, umtikise kifundo kikiwa kimelegea, kisha umwambie asikuruhusu kukitikisa. Ataelewa papo hapo.

Panga koni mbili zenye nafasi ya mita 2, mpigaji na mpokeaji wasimame pande mbili, hatua tano kutoka langoni kila mmoja. Wakipitisha mara nane kati ya kumi, sogeza koni zikaribiane. Usisogeze watoto wawe mbali zaidi kabla hujapunguza lango.

4. Kuutuliza mpira. Walimu wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa mbona pasi zinapotea. Mguu wa kupokea hufanya kinyume cha ule wa kupiga: unalegea. Uende kuulaki mpira mbele kidogo, na mpira ukigusa, urudi nao nyuma. Huwa nawauliza, "Ukipewa mtoto mchanga umpakate, unakaza mikono?" Wote hujibu hapana. Basi mguu ni hivyo hivyo. Anza na mwenzake kuuviringisha kwa mkono kutoka hatua nne, ndipo mje kwenye pasi ya mguu.

5. Kukokota. Eneo la mita 15 kwa 15, kila mwenye mpira anautembeza ndani yake kwa miguso midogo bila kugongana na mtu. Tatizo la watoto hapa ni kuinamia mpira kama anayetafuta sindano. Dawa yake: tembea kati yao ukiinua vidole juu, nao wataje ni vingapi huku wakiendelea kukokota. Asiyeinua kichwa hatajua jibu. Wakizoea, piga filimbi wasimamishe kwa wayo, wageuke, waondoke upande mwingine.

6. Shuti. Sasa mpira upigwe kwa mgongo wa mguu, pale kwenye kamba za kiatu. Mtoto aje kwa pembeni kidogo, si moja kwa moja, kwa hatua tatu. Hatua ya mwisho iwe ndefu; hiyo ndiyo inayoupa mguu nafasi ya kurudi nyuma na kubembea. Akanyage jani. Vidole vya mguu unaopiga vielekezwe chini, kifundo kimekazwa, goti lifike juu ya mpira wakati wa kugusa, macho yabaki kwenye mpira, mikono ifunguke kwa usawa wa mwili.

Usidai shabaha mapema. Ukimwekea mtoto lango dogo siku ya kwanza ya shuti, atapiga kwa woga, mguu nusu nusu, na mbembeo ule uliokatika utamkaa. Mpe ukuta mpana, au uwanja wazi usio na mtu mbele, umwambie atafute umbali. Utajua anaendelea vizuri ukiona baada ya kupiga anaruka kidogo mbele juu ya mguu wa nguzo; hakuna anayemfundisha hivyo, mwili wenyewe hufanya nguvu inapopita sawasawa. Mpira uliotulia ndio wa kuanzia. Wa kutembea uje vipindi viwili vitatu baadaye, nao kwanza uwe unakwenda mbali na mpigaji, kisha unaomjia, na wa mwisho ule unaopita mbele yake.

7. Mguu wa pili. Rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa mguu wanaouonea aibu. Dakika tano kila kipindi zinatosha, lakini ziwe kila kipindi.

8. Mechi ndogo. Watatu kwa watatu, au wanne kwa wanne, uwanja wa mita 20 kwa 15, malango ya koni, bila kipa. Gawa uwanja mkubwa uwe vijiwanja kadhaa, zichezwe mechi tatu nne kwa wakati mmoja. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika umri huu ni watoto watatu wanaocheza na kumi na tisa wanaotazama. Mechi za dakika nne, badilisha wapinzani, endelea.

Watoto hamsini, mipira mitano

Gawa makundi matatu ya watoto 16 au 17. Kundi la kwanza lichukue mipira mitano, watatu au wanne kwa kila mmoja: mpigaji, mpokeaji, na *mwamuzi wa nguzo*. Huyu anachuchumaa pembeni, hatazami mpira unaenda wapi, anatazama mguu wa nguzo tu, na kuinua dole gumba ukikaa vizuri. Wa nne, kama yupo, hurudisha mipira iliyopotea. Kundi la pili liwe na mipira minane ya matambara, wawili wawili, wapige pasi na kutuliza. Kundi la tatu halina mpira: lina alama za chaki, hatua mbili, kanyaga, simama, hesabu tano. Kila baada ya dakika saba makundi yabadilishane.

Yule mwamuzi wa nguzo si wa kujaza nafasi. Mtoto aliyekaa dakika mbili akitazama mguu wa mwenzake hurudi kupiga akiwa amebadilika, na mara nyingi humsahihisha jirani yake kabla yako.

Makosa tunayofanya sisi walimu

Foleni ndefu. Mtoto anayesubiri wenzake kumi na wanane wapige ndipo afikiwe anapiga mara mbili kwa kipindi kizima. Hatajifunza, na atakuwa anamsukuma aliye mbele yake.

Michezo ya kutoa walioshindwa. Anayetolewa wa kwanza ni yule yule aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Aliyepoteza mpira afanye miguso kumi ya wayo pembeni, arudi.

Kuwaachia manahodha wawili wachague timu mbele ya wote. Kila mtu anamjua atakayebaki wa mwisho, naye anajijua. Mwalimu, gawa mwenyewe kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili.

Kuwaagiza wapige kichwa. Shirikisho la soka la Marekani liliwakataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga kichwa mwaka 2015. Mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vikatoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifanye mazoezi ya vichwa. Sababu ni hofu ya madhara ya ubongo. Katika kipindi chako mpira ubaki chini.

Na maneno mengi. Ukisimamisha darasa, sema jambo moja, onyesha mara moja, wapige. Kama kuna mtoto anayeonyesha vizuri kuliko wewe, aonyeshe yeye.

Ukikwama

*Mpira unapaa kila mara.* Nguzo iko nyuma ya mpira na mwili umelalia nyuma. Rudisha jani usawa wa mpira, umwambie kifua kiuinamie mpira.

*Mpira unakwenda pembeni.* Tazama vidole vya mguu wa nguzo, utakuta vinaelekea huko huko. Chora mshale wa chaki badala ya jani, akanyage kwa kufuata mshale.

*Anapiga kwa ncha ya vidole.* Mara nyingi ni kwa sababu anaujia mpira moja kwa moja. Mguu hauna njia nyingine ya kufika. Muanzishe pembeni. Akiendelea, mpe mpira wa matambara, upande wa ndani tu, karibu, mpaka kifundo kizoee kugeuka.

*Mpira hauendi mbali ingawa nguzo iko sawa.* Mguu haurudi nyuma kabla ya kupiga. Laza kamba chini hatua moja ndefu kutoka kwenye mpira, airuke kamba ndipo atue kwenye jani. Hatua ikirefuka, mbembeo unakuja wenyewe.

*Anaukosa mpira kabisa.* Macho yametangulia langoni. Chora alama nne za rangi kwenye mpira, kila akipiga akutajie rangi aliyoigonga.

*Anafumba macho na kugeuza uso.* Ameshagongwa siku moja, usimcheke wala usimsukume. Mpira wa matambara, hatua tatu, unauviringisha wewe mwenyewe kwa mkono. Ongeza hatua moja kwa kipindi, si zaidi.

*Mmoja anauchukua mpira peke yake mechi nzima.* Usimkemee kwa kujua. Mpe sharti: miguso mitatu kisha pasi, au magoli yake yahesabiwe akifunga kwa mguu wa pili tu. Wengi wao hulipenda sharti hilo kuliko kufunga ovyo.

*Wanarundikana kwenye mpira.* Kwa watoto wa miaka 6 na 7 hili ni la umri, usipigane nalo sana. Kwa wakubwa, gawa uwanja kwa mstari katikati: wawili wabaki nusu ya nyuma, wawili nusu ya mbele, hakuna kuvuka mstari, mpira ndio unaovuka. Baada ya dakika nne waondolee sharti uone wamekumbuka kiasi gani. Rudia.

*Mazoezini anapiga vizuri, mechini anasahau yote.* Hili ndilo litakalokukatisha tamaa kuliko yote, na ni la kawaida kabisa. Mechini ana mpinzani na kelele, na mpira nao haukai, kwa hiyo mguu unarudia mazoea yake ya zamani. Usimpigie kelele kutoka pembeni. Mwite kidogo, weka jani, apige mara tatu akitamka maneno yake, umrudishe uwanjani kabla hajapoa.